Fungu la Ajwang

Asubuhi hiyo nilikuwa napiga koti yangu pasi. Ile ya rangi ya kahawa, yenye nilinunua kwa mitumba ya Gikomba nikairudisha kwa fundi mpaka ikanikaa kama nilizaliwa nayo. Mpelelezi akiingia kwa nyumba ya mtu na koti imekunjana, hata mwizi anamdharau. Kwa hivyo mimi huanza na pasi, chai baadaye. Nilikuwa nimefika kwa kola simu ikalia.

"Huyo ni Nzula Kaindi?" Sauti ya mama, nzito.

"Ndio mimi."

"Ule alishika mtu wa kuweka maji kwa maziwa huko Kawangware?"

"Ndio mimi."

"Basi zima hiyo pasi ukuje Kilimani."

Nikaangalia pasi. "Umejua aje niko na pasi?"

"Naiskia ikifanya shhh. Mimi ni Mama Jackie, nauza matumbo Dagoretti. Masikio yangu haina shida. Shida iko kwa mdomo ya msichana wangu."

Ofisi yangu iko Latema Road, juu ya duka ya redio. Kwa mlango imeandikwa jina langu peke yake, hakuna cha "na Wenzake". Siku hiyo sikufika ofisi. Niliwasha gari yangu, Starlet, nikaenda moja kwa moja.

Kliniki ya Daktari Were iko nyuma ya maduka ya Kilimani, nyumba ya zamani yenye ua ya miiba ya kei-apple. Mama Jackie alinipokea kwa mlango. Mwanamke mfupi, mabega mapana, gumboot bado kwa miguu.

"Ndio huyu?" akaniangalia juu mpaka chini. "Wewe ni mdogo."

"Kazi yangu ni kubwa."

"Tutaona. Ingia."

Jackie Waithaka alikuwa amelala na kitambaa ya maji moto kwa uso. Daktari Were akaitoa nione. Mdomo wa chini ulikuwa umefura tu, lakini wa juu, upande wa kushoto, ulikuwa umebadilika rangi kama zambarau imeiva. Michirizi ya hiyo rangi ilikuwa inapanda kuelekea pua.

Jackie huuza lipstick kwa duka ya vipodozi hapo Kilimani. Rangi mpya ikikuja, yeye ndiye huvaa. Wateja wanaangalia mdomo yake wananunua. Hiyo mdomo ndio kazi yake.

"Mpelelezi, nataka jibu ya swali moja tu," Daktari Were akasema. Alikuwa mtu mrefu, anaongea pole pole. "Alidungwa nini?"

"Kwani hajasema?"

"Anasema hajui. Sasa sikiza. Kuna dawa ya kujaza mdomo yenye ni kama jeli. Hiyo ikiziba mshipa, niko na kitu ya kuiyeyusha. Nimeitoa kwa rafiki yangu daktari wa macho, wao huitumia wakifanya operesheni. Lakini kama alidungwa silicone, hii dawa yangu ni kama kumwagia mawe maji. Haifanyi kitu."

"Si ujaribu tu?"

Mama Jackie akamtangulia kujibu. "Nyuki."

"Nyuki imefanya nini?"

"Akiwa darasa la tano aliumwa na nyuki kwa cucu, nyanya yake. Moja tu! Akafura shingo, akazima. Tulimbeba na wheelbarrow mpaka dispensari."

"Hii dawa inafanana na kitu iko kwa sumu ya nyuki," Daktari akasema. "Inaweza kumfunga koo. Nikijua itaokoa mdomo, nitajipanga na nitaingia hiyo hatari. Lakini siwezi hatarisha maisha ya mtu na dawa yenye haina kazi. Na hii sehemu haipati damu. Tukichelewa inakufa, na ikikufa nitaikata."

"Hapa hakuna mtu anakata kitu," Mama Jackie akasema. "Mimi ndio hukata vitu."

Nikavuta kiti karibu na kitanda. Jackie hangeweza kuongea vizuri, kwa hivyo nilimpa Nokia yangu aandike.

"Nani alikudunga?"

Akaandika: KLINIKI YA MALKIA.

"Dawa ilitoka wapi? Uliona?"

KACHUPA KADOGO. ALIVUTA NA SINDANO.

"Ulimwambia kuhusu nyuki?"

Akasita. Akaandika: HAKUNIULIZA.

"Na wewe hukuuliza ni dawa gani?"

NILIONA AIBU.

"Ulikuwa na nani?"

Akanirudishia simu bila kuandika kitu, akageukia ukuta. Mtu akigeukia ukuta kwa swali ya "ulikuwa na nani", hakuwa peke yake. Hiyo nikaiweka kwa mfuko.

Malkia haikuwa mbali. Sakafu inang'aa, maua ya plastiki, na mwenyewe, Bwana Mwangangi, na koti nyeupe na uso laini kama sabuni mpya. Nilipotaja kachupa aliruka.

"Kachupa? Hapa? Dada, keti chini nikufundishe."

Nikaketi. Mtu akitaka kukufundisha, mwache. Watu husema mambo mengi wakijiona walimu.

Akatoa boksi kwa kabati, akaifungua mbele yangu. Ndani kulikuwa na sindano moja, imejaa tayari, imefungwa na kiwanda.

"Inakuja hivi. Imejazwa huko huko. Mteja anaona nikifungua. Kama hajaona boksi ikifunguliwa, aamke aende nyumbani. Na moja ni ya mtu mmoja."

"Na kabla umdunge unamuuliza nini?"

"Kila kitu. Kama anameza aspirini, aache kwanza, la sivyo atavuja damu na kuwa blue mwezi mzima. Kama ako na mimba, hapana. Kama hutoka vidonda vya homa kwa mdomo, anapewa dawa kwanza. Kama kuna kitu humfurisha. Karanga, penisilini, nyuki..."

"Nyuki?"

"Huyo msichana wa lipstick si ndiye anakuleta hapa? Alikuja, akaniambia maneno ya nyuki. Nikamwambia aone daktari kwanza, alete barua. Hakurudi."

"Anasema ulimdunga wewe."

"Mimi?" Akaita msichana wa mapokezi. "Kuja umwambie huyu mama, yule wa nyuki nilimdunga?"

"Ulimfukuza," msichana akasema. "Na akaenda akilia."

"Sikumfukuza! Nilimwelekeza."

Hawa walikuwa wanasema ukweli. Watu wawili wakipanga uongo, hawabishani juu ya neno moja.

"Sasa kachupa ni ya nini?" nikauliza.

"Silicone hiyo," Mwangangi akasema, akafunga boksi kama mtu ameshinda kesi. "Jeli haikai kwa chupa. Wanauza kichinichini, hakuna mtu anajua ilitengenezewa nini. Pengine ni ya kuziba bomba. Mwambie pole."

Nikampigia Daktari Were nikiwa kwa gari. Nilimwambia venye iko: kachupa, na Malkia wanasema silicone.

Akajibu, "Basi wacha nitafute chumba ya operesheni."

"Daktari, ngoja."

"Ningoje nini?"

"Huyu mtu ameniambia venye yeye hufanya. Hajaniambia venye ilifanyika. Bado sijaongea na mtu alikuwa hapo."

"Basi mpate," akasema. "Na Nzula, usiende na njia ndefu."

Kwa duka ya vipodozi, stuli ya Jackie ilikuwa tupu. Nyuma ya kaunta kulikuwa na mwenzake, kwa kifua ameandikwa Naliaka. Alikuwa amejifunga skafu mpaka pua. Hiyo haikunishtua. Ilikuwa Julai, na Julai ya Nairobi kila mtu amejifunga kitu. Kenye kilinisimamisha ni chai. Kikombe ilikuwa inatoa moshi, na ndani ameweka mrija wa soda.

Nimefuata watu wa kila aina hii Nairobi. Sijawahi ona mtu ako na akili zake akivuta chai moto na mrija.

"Sasa," nikasema.

"Poa. Karibu, tuko na rangi mpya."

"Hebu nijaribie wewe kwanza nione."

"Aah, leo niko na homa."

"Homa yenye inakukataza kuweka kikombe kwa mdomo?"

Akaangalia mrija. Akaangalia mlango.

"Mimi ni Nzula Kaindi. Nimetoka kwa Jackie saa hii. Toa skafu, mami."

Aliitoa pole pole. Midomo ilikuwa imefura, lakini rangi ilikuwa sawa. Nikamwambia ajifinye hapo juu, aachilie. Ikawa nyeupe, halafu pink ikarudi mara moja. Damu ilikuwa inapita.

"Mlidungwa pamoja," nikasema.

"Siwezi sema. Ni mambo ya chama."

"Mambo ya chama ni mwenzako kukatwa mdomo?"

"Kukatwa?" Akaketi. "Alituambia ni kufura tu!"

"Nani?"

Akaanza kupanga lipstick kwa kaunta.

"Naliaka. Chama yenu hufanya nini?"

"Ya kawaida. Tunachanga pesa, tunanunua kitu kubwa tunagawana. Tulianza na gunia ya sukari. Halafu masufuria. Halafu vitambaa za kiti."

"Na mwezi huu?"

Akagusa mdomo yake. Nilikuwa nimeona ile boksi ya Mwangangi. Sindano moja, imejazwa, ya mtu mmoja. Ukitaka kuigawa kama sukari, lazima uitoe kwa sindano uiweke mahali.

"Mligawana sindano moja," nikasema. "Hiyo kachupa ilikuwa ya kugawia."

Naliaka akaanza kulia, na kulia ikamuuma mdomo, akaacha. "Ilikuja imefungwa! Na boksi! Virginia alitoka nayo Dubai, alikuwa anafanya kwa saluni huko, ameona wakidunga watu. Akasema ni moja tu amepata. Sasa nani apate, nani akose? Tukasema tugawane, kila mtu apate kidogo. Si ni bora kidogo kuliko kukosa?"

"Kachupa ilitoka wapi?"

"Ilikuwa ya perfume, zile za kuonjesha wateja. Lakini tuliichemsha!" Alisema hivyo na fahari, kama mtu amepita mtihani.

"Boksi iko wapi?"

"Tulichoma. Virginia alisema tuchome."

"Na Virginia ako wapi?"

"Simu inalia, hashiki. Tangu nimwambie mdomo ya Jackie imekuwa nyeusi."

"Kwa hivyo sina boksi, sina Virginia. Niko na wewe unaniambia ilikuwa jeli ya ukweli."

"Ilikuwa original, nakuapia."

"Daktari hawezi kuweka dawa ya kufanana na sumu ya nyuki kwa msichana kwa sababu wewe umesema original. Hata Gikomba kila kitu ni original."

Nikakaa kwa stuli ya Jackie. Kulikuwa na kitu bado inakosa, na nikaitafuta kwa hesabu rahisi.

"Chama yenu ni watu wangapi?"

"Wanne."

"Wewe, Jackie, Virginia. Virginia pia alijidunga?"

"Alianza yeye, na kioo. Ndio tuone haina shida."

"Na wa nne?"

"Ajwang. Lakini yeye hakudungwa. Ameenda matanga kwao Siaya."

Hapo nikacheka peke yangu. Sio kwa ubaya. Mimi nimelelewa na chama. Mama yangu huko Machakos ako kwa chama tatu, na sijawahi ona hata moja ikila fungu ya mtu hajakuja. Hata awe amekosana na kila mtu. Hata awe amesemwa vibaya mkutano mzima. Anawekewa. Na mtu wa kumwekea anajulikana.

"Naliaka, mweka hazina wenu ni nani?"

Akazungusha mrija kwa chai. "Ni mimi."

"Share ya Ajwang iko wapi?"

"Iko kwangu. Mountain View, kwa fridge."

"Chukua skafu twende."

Hakusimama. Msichana amefura mdomo, macho mekundu, lakini akanikazia. "Siwezi toa kitu ya mtu bila yeye kujua. Hiyo ndio sheria yetu. Mpigie kwanza."

Wapelelezi wengine wangempigia kelele. Mimi nilimwomba namba nikampigia Ajwang. Mtu akilinda kitu ya mwenzake hivyo, hawezi kuwa ameibadilisha, na hiyo pia ni ushahidi. Nikaweka simu kwa spika. Kule ng'ambo kulikuwa na ngoma na watu wakilia.

"Ajwang, ni Naliaka. Jackie ameharibika mdomo. Daktari anataka kuona ile share yako."

"Anataka kuona? Achukue! Ati mnaniuliza? Kwani mimi ni nani, nililie lips na Jackie anaoza?" Akavuta pumzi. "Na mngeningoja nirudi, ningewakataza hiyo upuzi."

"Uongo!" Naliaka akasema. "Wewe ndio ulisema tugawane!"

"Niko matanga, usinipigishe kelele," Ajwang akasema, akakata.

Nilipita Waiyaki Way na taa zimewashwa mchana, watu wanapiga honi, mimi napiga zaidi. Kwa nyumba ya Naliaka, kwa fridge, nyuma ya sukuma, kulikuwa na mkebe wa Blue Band. Ndani yake, imefungwa na karatasi ya plastiki na raba, kulikuwa na sindano ndogo na kijeli safi kama maji yamesimama. Juu ameandika na biro: AJWANG. Nikaiweka kwa thamosi na barafu. Katika kesi zangu zote, hakuna ushahidi nimebeba nikiwa najivunia hivyo.

Daktari Were alikuwa tayari amevaa kofia ya operesheni. Alipoona thamosi aliitoa kofia.

"Hii ni kutoka ile ile kachupa?"

"Ile ile. Siku ile ile, mkono ule ule. Hii ilikuwa ya mtu hakuja."

Akakamua tone moja kwa sahani ya kioo. Ikakaa hapo imejikunja, haitiririki. Akaweka tone ya pili mbali kidogo. Kwa hiyo ya pili akaongeza dawa yake ya macho, akaisugua kidogo na ncha ya sindano. Sisi wote tukainama. Mama Jackie, Naliaka, mimi, vichwa vikigongana.

Tone ya kwanza ilikaa venye ilikuwa. Ya pili ikaanza kulala. Ikapanuka. Daktari akainamisha sahani, na ya pili ikakimbia mpaka ukingo kama machozi.

"Ni jeli," Daktari Were akasema. "Ni jeli ya ukweli kabisa."

"Nilisema original," Naliaka akanong'ona.

"Nyamaza," Mama Jackie akamwambia, lakini alikuwa amemshika mkono.

Hakukimbilia. Aliweka adrenalini karibu, oksijeni karibu, akajaribu tone kwa ngozi ya mkono wa Jackie kwanza, akangoja. Kukatoka kipele kidogo, kikasimama hapo. Akamuuliza Jackie kama wanaendelea. Jackie akainua kidole gumba. Mama yake akamshika miguu kama mbuzi.

Akadunga. Jackie akakohoa, na chumba yote ikaganda. Akakohoa tena. Daktari akasikiza kifua, akashika adrenalini, akangoja, akaiweka chini.

Tulikaa hapo tukiangalia mdomo ya mtu kama wengine wanaangalia mpira. Daktari alikuwa anadunga kidogo, anakanda, anaangalia. Mwishowe akafinya ile sehemu ya zambarau, akaachilia. Nyeupe. Halafu pole pole, kutoka pembeni, rangi ikaingia.

"Hiyo ni damu," Mama Jackie akasema. "Nimeona damu maisha yangu yote. Hiyo ni damu, inatembea!" Akanigeukia. "Wewe mdogo. Kazi yako ni kubwa."

Niliitikia tu na kichwa, kama mtu amezoea. Lakini nilisimama wima sana. Mwangangi na sakafu yake ya kung'aa alikuwa amesema pole. Chumba ya operesheni ilikuwa imeshafunguliwa. Na Nzula Kaindi alipata jibu kwa mkebe, kwa sababu anajua venye wanawake wa chama hutunziana vitu. Hiyo haifundishwi chuo cha polisi Kiganjo.

Daktari Were alikuwa ananawa mikono. Akaongea bila kugeuka.

"Naliaka. Umesema mligawana kutoka kachupa moja."

"Ndio, daktari."

"Mkadungwa watatu."

"Ndio. Virginia, halafu mimi, halafu Jackie."

"Na sindano zilikuwa ngapi?"

Naliaka akaanza kuhesabu na vidole. "Ya Ajwang ilikuwa yake, alijaziwa mpya. Lakini sisi... sijui. Virginia alituwekea pamba kwa macho. Tulikuwa tunaogopa kuona."

"Jackie?"

Jackie akatikisa kichwa. Yeye pia alikuwa na pamba.

Maji ikaendelea kumwagika kwa sinki. Hakuna mtu alihitaji kuelezewa. Sisi sote tumezika watu wa ukimwi hii miaka. Mama Jackie akaachilia miguu ya msichana wake, akakaa chini kwa sakafu na gumboot zake.

"Kama alibadilisha, mnaenda nyumbani," Daktari akasema. "Kama hakubadilisha, kuna dawa ya kuzuia virusi. Ni kali, na inaanzwa leo, kabla mtoke hapa. Kuna mtu mmoja tu anajua."

Naliaka akanisomea namba ya Virginia, nikaipiga. Ikalia mpaka ikajikata. Nikapiga tena. Basi nikaandika, na vidole yangu haikuwa na haraka, kwa sababu nilitaka kila neno likae sawa:

"Virginia, mimi ni Nzula Kaindi, mpelelezi. Usiogope, sitakuletea polisi. Dawa ilikuwa ya ukweli na mdomo ya Jackie imepona. Nataka kitu moja tu. Ulipomaliza kujidunga ukamdunga Naliaka, halafu Jackie, ulibadilisha sindano?"

Nikatuma. Nikaweka simu kwa meza, katikati yetu, uso ukiangalia juu.

Ikawaka mara moja. Naliaka akaruka.

Ilikuwa ripoti tu: ujumbe umefika.

Tukaendelea kuiangalia. Taa yake ikazima.